Kutoka mpira mwekundu hadi mchujo wa Grand Slam: mwongozo kamili kwa mzazi wa mchezaji wa tenisi

Julai 2022, kwenye nyasi za Wimbledon, fainali ya wasichana ya wawili wawili iliamuliwa kwa pointi mbili tu. Upande mmoja walikuwa Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, upande wa pili Kayla Cross na Victoria Mboko wa Canada. Wakanada walichukua seti ya kwanza 6–3, ya pili wakaipoteza 4–6, na tai-breki ya mwisho, ile gemu fupi ya kuamua mshindi, ikaisha 11–9 kwa Angella na Nijkamp. Angella akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi.

Baada ya hapo njia zikaachana. Mboko, ambaye wazazi wake walihama kutoka Kongo, aliingia kwenye tenisi ya kulipwa, na Agosti 2025, akiwa na miaka 18, akamfunga Naomi Osaka, bingwa wa zamani wa Grand Slam, katika fainali ya Montreal. Okutoyi alikwenda kusoma na kucheza Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na Machi 2024 akatwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika, Accra. Wasichana wale wale, uwanja ule ule, maamuzi tofauti.

Mwongozo huu ni kwa mzazi au mlezi wa Afrika Mashariki mwenye mtoto anayeonekana kuupenda mchezo huu kweli. Nimekaa pembeni ya viwanja miaka mingi nikirusha mipira kutoka kwenye kikapu, na nilichokiona ni kwamba vipaji tunavyo. Kinachowakwamisha watoto wetu mara nyingi ni kalenda na pesa. Kwa hiyo nitayasema hayo mawili zaidi kuliko ufundi wa mkono.

Hatua ya kwanza: miaka mitano hadi kumi

Kosa la kwanza hufanyika dukani. Mtoto wa miaka saba ananunuliwa raketi ya baba yake, inchi 27, na kopo la mipira ya njano. Mpira ule ukidunda unampita kichwani. Anachojifunza ni kurudi nyuma na kuupiga akiwa ameegemea visigino, na tabia hiyo utailipia kocha miaka mitano kuiondoa.

Kuna mipira ya rangi tatu kwa ajili ya watoto. Mwekundu una kasi pungufu kwa takriban asilimia 75 ukilinganisha na wa njano, na huchezewa kwenye kiwanja kifupi cha mita 11 hivi. Wa rangi ya chungwa ni pungufu kwa asilimia 50, uwanja wa mita 18. Wa kijani ni pungufu kwa asilimia 25, na huo unachezewa uwanja mzima wa mita 23.77. Tangu 2012 kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, haziruhusu mipira ya kawaida ya njano kwenye mashindano ya watoto wa miaka kumi kushuka chini. Klabu yenu haina mipira hiyo? Mwambieni kocha aiagize. Hata boksi moja linatosha kuanzia, na kiwanja cha mpira mwekundu unaweza kukichora kwa chaki uani na kufunga kamba katikati.

Raketi ipime hivi: mtoto asimame wima, mkono umening'inia, ashike mpini. Ncha ikigusa chini au kuburuta, ni ndefu mno.

Kwa umri huu mambo matatu tu yanatosha. La kwanza, mshiko wa sevu, pigo la kuanzisha pointi: ashike raketi kama anavyoshika nyundo kupigilia msumari. Watoto wengi wanaachiwa washike kama wanavyoshika kikaango, kwa sababu mpira unaingia haraka, halafu wakifika miaka 13 sevu yao haina nguvu wala mzunguko. La pili, kurusha. Sevu ni kurusha tu, ila raketi iko mkononi. Mtoto aliyezoea kuangusha embe kwa jiwe ana nusu ya sevu tayari. Asiyejua kurusha, mpeleke akarushe mipira kila siku dakika kumi. La tatu, miguu. Kamba, mpira wa miguu, kukimbizana. Usimfungie kwenye tenisi peke yake.

Ukuta ni kocha wa bure. Wachezaji wengi wazuri wa kanda hii, wakiwemo waliokuja kuwa mabingwa wa taifa, walianza kama waokota mipira kwenye klabu za wenye nacho, wakipiga ukutani kwa raketi ya kuazima wakati wanachama wakinywa chai. Angella mwenyewe alilelewa na bibi yake aliyekuwa akifanya kazi Shule ya Msingi Loresho, Nairobi, na tenisi aliianzia hapo hapo shuleni.

Hatua ya pili: miaka kumi hadi 13, na jinsi ya kumpima kocha

Usimpime kocha kwa vyeti vilivyoning'inizwa ukutani. Kaa pembeni saa nzima na kalamu, uhesabu mipira anayopiga mtoto wako. Watoto kumi wakipanga foleni, kila mmoja akipiga miwili na kurudi mwisho wa mstari, mwanao ataondoka na mipira sitini na unalipa ada ileile. Kisha angalia kama kocha anawapigisha wao kwa wao. Mpira unaorushwa kutoka kikapuni haudanganyi, ila mechi imejaa mipira ya udanganyifu: mfupi, wa juu, wenye upepo. Kocha anayeishia kwenye kikapu anatoa watoto wenye mikono mizuri wasiojua kushinda gemu.

Hapa ndipo mashindano ya ndani yanapoanza kuwa na maana: ya klabu, ya taifa, halafu ya kanda ambako ITF na Shirikisho la Tenisi Afrika, CAT, hukusanya watoto wa chini ya miaka 12 na 14. Jina la mtoto huko hupelekwa na chama cha taifa. Kwa hiyo jisajili kwenye chama mapema na ujulikane na katibu wake. Wazazi wengine wanaona hiyo ni kujipendekeza. Nafasi za timu ni chache na orodha hutoka kwa watu wanaojulikana, ndivyo ilivyo. Mashindano hayo ndiyo dirisha ambalo makocha wa ITF hulitumia kuchagua watoto wa kwenda vituo vya mafunzo vya bara na kusafiri na timu za Afrika kwenda Ulaya.

Hatua ya tatu: ITF ya vijana, miaka 13 hadi 18

Kuanzia siku anapotimiza miaka 13, mtoto anaweza kucheza mashindano ya dunia ya vijana ya ITF. Mlango ni namba ya usajili iitwayo IPIN, ambayo unaipata kwenye tovuti yao kwa ada ya kila mwaka. Bila hiyo hakuna kitu.

Mashindano yamepangwa kwa madaraja: J30, J60, J100, J200, J300, J500, na juu kabisa Grand Slam nne za vijana, ambako droo kuu, yaani ratiba ya shindano lenyewe, ya mmoja mmoja ina wachezaji 64. Namba ni pointi anazopata bingwa. Orodha ya viwango huhesabu matokeo sita bora ya mmoja mmoja, kisha robo ya pointi za sita bora za wawili wawili. Usiipuuze hiyo robo. Wazazi wetu hulala garini mechi ya wawili wawili ikichezwa, kumbe taji la Wimbledon lililokuja Kenya lilikuwa la wawili wawili.

Sasa tarehe, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoangukia. Maombi ya shindano la vijana hufungwa Jumanne, takriban wiki nne kabla ya wiki ya shindano, saa 14:00 GMT. Kwetu hiyo ni saa kumi na moja jioni, si usiku wa manane. Kujitoa bila adhabu mwisho wake ni Jumanne ya siku 13 kabla. Mwaka mmoja nilifungua tovuti saa kumi na moja na dakika saba jioni, nimetoka uwanjani na vumbi miguuni, nikakuta dirisha limefungwa. Tulipanda basi hata hivyo, tukaenda kuomba nafasi mlangoni siku ya kusaini. Waliokuwa kwenye orodha walifika wote. Kijana alikaa siku mbili akiwapigisha wenzake mipira ya kupasha moto, tukarudi. Tangu siku hiyo simu yangu hulia kila Jumanne saa nane mchana.

Ukijitoa kwa kuchelewa, au ukakosa kutokea, mtoto anaandikiwa alama za adhabu, na zikifika kiwango anafungiwa. Kuvunja raketi na kumtukana mwamuzi navyo vinaingia kwenye daftari hilo hilo.

Mpangilio wangu ni huu: cheza kanda kwanza. J30 na J60 zinapowekwa Nairobi, Kigali au penginepo unakoweza kufika kwa basi, hizo ndizo za kwako. Mtoto anatakiwa ashinde takriban mechi mbili kwa kila moja anayopoteza. Akishinda zote, mpandishe daraja. Akipoteza raundi ya kwanza mashindano manne mfululizo, mshushe au mrudishe mazoezini. Usimpeleke Ulaya "akapate uzoefu". Tiketi ya ndege kwenda kupoteza 6–1, 6–1 siku ya Jumatatu ni uzoefu wa uwanja wa ndege tu. ITF pia huweka kikomo cha idadi ya mashindano kwa umri, hasa kwa wa miaka 13 hadi 16, kwa hiyo nafasi hizo zina thamani.

Mkoba wa safari: raketi mbili za aina moja zenye nyuzi mpya, tatu ukiweza. Nyuzi ngumu za poliesta hulegea kabla hazijakatika, na mtoto ataanza kurusha mipira nje akidhani mkono wake umeharibika. Fungeni upya kabla ya safari, na mkariri kilo za mkazo mnazofungia ili fundi wa huko asibahatishe. Kadi ya homa ya manjano, barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili kama anasafiri na kocha, nakala ya cheti cha kuzaliwa. Ndizi na chumvi kidogo ya kuchanganya na maji.

Pesa

Fungua daftari lenye safu mbili na uandike kila shilingi. Wazazi wengi hawataki kujua jumla, na hilo ndilo linalowafanya waishiwe katikati ya mwaka, mtoto akiwa kwenye kiwango chake bora.

Tenisi ya vijana hailipi chochote. Ya wakubwa, kwenye ngazi ya chini kabisa, M15 kwa wanaume na W15 kwa wanawake, mfuko mzima wa zawadi ni dola 15,000 na hugawanywa takriban hivi kwa mmoja mmoja: ukipoteza raundi ya kwanza dola 156, ya pili 258, robo fainali 438, nusu fainali 754, mshindi wa pili 1,272, bingwa 2,160. Kabla ya kodi. Toa ada ya kuingia ya dola 40, hoteli ya usiku saba, chakula, nyuzi na nauli. Bingwa anabakiwa na kidogo. Waliobaki 31 wamelipia kucheza.

Pesa ya kweli katika miaka hii hutoka kwingine. Mfuko wa maendeleo wa Grand Slam hutoa ruzuku kwa wachezaji wa nchi zisizo na uwezo mkubwa, na Angella ni mmoja wa walionufaika. Mshikamano wa Olimpiki (Olympic Solidarity), mpango wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, una ufadhili unaopitia kamati ya Olimpiki ya taifa. Kampuni za ndani hutoa kidogo kidogo, mara nyingi tiketi badala ya fedha taslimu, chukua tiketi. Akija mtu anayetaka kulipia kila kitu kwa makubaliano ya asilimia ya mapato ya mtoto maisha yake yote, mpe soda, umsindikize hadi getini.

Njia panda ya miaka 17

Nitasema wazi ninachokiamini. Kwa mtoto wa Afrika Mashariki ambaye hayuko ndani ya 30 au 40 bora ya dunia ya vijana, chuo kikuu cha Marekani ndiyo daraja lenye akili zaidi. Akipata ufadhili kamili analala bure, anakula bure, ana makocha, chumba cha mazoezi, mtaalamu wa viungo, na mechi ngumu kila wiki kuanzia Januari. Akiumia, shule inaendelea. Paul Wekesa wa Kenya alipitia Chattanooga, Tennessee, na mwaka 1995 akafika nafasi ya 100 ya dunia. Cameron Norrie wa Uingereza alitoka Texas Christian, Ben Shelton alitoka Florida, na wote wawili wamefika kumi bora.

Maandalizi yake huanza kidato cha kwanza, si cha nne. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, hudai masomo 16 ya msingi ya sekondari kwa ngazi ya juu: lugha, hesabu, sayansi, jamii. Mtoto aliyeacha shule akiwa na miaka 14 ili "acheze muda wote" amejifungia mlango huu mwenyewe. Kuna pia kipimo kiitwacho UTR, kutoka 1 hadi 16.5, ambacho makocha wa vyuo hukitazama kabla ya kufungua barua yako. Mechi za kitaifa zikiripotiwa huko zinahesabika, kwa hiyo waombe waandaaji waziripoti.

Barua kwa kocha wa chuo iwe fupi: jina, mwaka wa kuzaliwa, UTR, kiwango cha ITF, alama za shule, na kiungo cha video. Video iwe ya mechi halisi, seti moja nzima, pamoja na pointi alizopoteza. Makocha wale wameona video nyingi za mipigo mizuri zenye muziki. Wanataka kuona anafanya nini baada ya kukosa sevu mbili mfululizo akiwa 4–5.

Na kabla hajapokea zawadi yoyote ya fedha kwenye shindano la wakubwa, soma kanuni za NCAA za mwaka huo. Zina masharti juu ya fedha za zawadi na juu ya muda wa kukaa nje baada ya kumaliza sekondari, na zimekuwa zikibadilika. Zisome mwenyewe, usimwachie wakala.

Anayekwenda moja kwa moja kwenye kulipwa, kama Mboko, anatakiwa awe na vitu viwili: matokeo ya vijana ya juu kabisa na bajeti ya miaka mitatu iliyokwisha kupatikana. Wanaomaliza mwaka katika safu ya juu ya vijana hupewa nafasi zilizotengwa kwenye mashindano ya kuanzia ya wakubwa. Hilo huokoa miezi ya kuhangaika kwenye mchujo, zile mechi za kutafuta nafasi ya kuingia droo kuu.

Ngazi ya chini ya kulipwa

Mwanaume akipata pointi moja tu, jina lake liko kwenye orodha ya viwango ya ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume. Mwanamke lazima apate pointi katika mashindano matatu, au jumla ya pointi kumi, ndipo WTA, chama cha wanawake, imwandike. Pointi huishi wiki 52 halafu hufutika, kwa hiyo Machi nzuri mwaka huu ni deni la Machi ijayo.

Wengi hukaa Monastir, Tunisia, au Sharm El Sheikh, Misri, ambako mashindano hufuatana wiki hadi wiki kwenye hoteli ileile. Ni rahisi kwa nauli na ni kuchosha kwa roho: bwawa lilelile, wali uleule, wapinzani walewale. Nenda wiki tatu, pumzika moja nyumbani au mahali penye kocha, kisha rudi. Kwa wanaume, juu ya hapo kuna Challenger, daraja la kati kabla ya mashindano makubwa ya ATP, na tangu 2024 Kigali imekuwa mwenyeji, jambo ambalo miaka kumi iliyopita tungelicheka. Mpeleke kijana akaangalie tu, akae nyuma ya mstari aone mpira unavyokuja mzito.

Mwili, dawa na kamari

Wasichana wamewekewa kikomo cha mashindano ya kulipwa hadi miaka 18, kanuni iliyokuja baada ya Jennifer Capriati kuanza kulipwa mwaka 1990 akiwa na miaka 13 na kuchakaa mapema. Iheshimu hata pale inapokuudhi. Bega na mgongo wa chini ndivyo hulalamika kwanza wakati mifupa ikirefuka. Punguza sevu, si mazoezi yote.

Dawa za mafua za dukani zenye pseudoefedrini zimepigwa marufuku wakati wa shindano zikizidi kiwango. Muulize daktari, hifadhi karatasi ya maelezo.

Kamari ni hatari kuliko majeraha. Mtoto wa dola 156 ndiye anayetafutwa na wapanga matokeo, kwa ujumbe wa simu, kwa kumpa gemu moja tu aipoteze. Ndugu wawili wa Misri walifungiwa maisha, mmoja wao aliwahi kuwa ndani ya kumi bora ya vijana duniani. Hata kubeti kwa shilingi elfu kwenye mechi ya tenisi ya watu wengine ni kosa, na kunyamaza bila kuripoti ujumbe kama huo nako ni kosa. Mwambie hayo kabla ya IPIN, si baada.

Hesabu ya lengo

Watu husema "100 bora". Ni kweli: droo kuu ya Grand Slam ina watu 128, na 104 kati yao huingia kwa kiwango cha dunia. Lakini lengo la kwanza la maana kibiashara ni nafasi ya 230 hivi. Hapo unaingia mchujo wa Grand Slam, watu wengine 128, raundi tatu, nafasi 16 za kwenda droo kuu. Mwaka 2025 aliyepoteza raundi ya kwanza ya mchujo alilipwa takriban dola 20,000 au zaidi, kutegemea shindano. Mara nne kwa mwaka, hiyo inalipa kocha na nauli.

Kufika huko huchukua muda. Ons Jabeur wa Tunisia alishinda Roland Garros, Grand Slam ya Paris, ya wasichana mwaka 2011. Aliingia 100 bora mwaka 2017, na fainali yake ya kwanza ya Grand Slam aliicheza Wimbledon mwaka 2022, mashindano yale yale ambako Angella na Nijkamp walishinda ile tai-breki.